Mfinyanzi na Vitu Sita vya Ghala la Mfalme

Soma taratibu hadi mwisho, kisha mpelekee mtu mmoja unayemjua ambaye kesho anaanza jambo asilowahi kulifanya.

Katika nchi ya Nkumbela aliishi mfinyanzi aitwaye Nyamizi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana na kucha zisizokwisha udongo. Vyungu vyake vilijulikana katika masoko yote kwa sababu havikuvuja. Yeye mwenyewe alijulikana kwa kutokuwa na maneno mengi.

Nchi hiyo ilikuwa na mlima mmoja tu, Ilulu, na nyuma ya mlima huo ilikuwa nchi ya jirani, Ulindwa, iliyozungukwa na magenge pande zote. Zamani watu wa nchi hizo mbili walipanda na kushuka walivyotaka. Walioana, wakazikana, wakabadilishana mbegu. Kabula, mdogo wake Nyamizi, aliolewa huko Ulindwa.

Kisha siku moja ardhi ikatetemeka. Kilele cha Ilulu kikaporomoka, njia ikafungika, na haukupita mwezi mlima ukaanza kunguruma.

Haukunguruma kila siku. Ulinguruma asubuhi, upepo ukivuma kutoka Ulindwa: ngurumo nzito, ndefu, ya kupanda na kushuka, kama mnyama mkubwa anayeumwa. Watu wakasema ni zimwi, limeamshwa na tetemeko. Mfalme Lukanda alikuwa mtu mwema, ila hakupenda kuonekana hana la kufanya. Akaamuru kwamba kila mlima ukinguruma, ngoma kubwa za ikulu zipigwe, ili watoto wasiisikie sauti ile wakashtuka.

Miaka tisa ikapita hivyo. Katika miaka hiyo mashujaa saba walipanda Ilulu kwenda kuliua zimwi, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja peke yake, maana sifa ya kuua zimwi mtu hapendi kugawana. Hakurudi hata mmoja.

Mwaka wa tisa ukaja na balaa jingine. Mtama wa Nkumbela ulishikwa na ugonjwa wa masizi. Suke lilichomoza zuri, lakini ukilipasua unakuta vumbi jeusi. Msimu wa kwanza watu walivumilia. Msimu wa pili wakaanza kula mbegu. Wazee wakakumbuka kwamba Ulindwa kulikuwa na mtama mwekundu usioshikwa na masizi.

Mfalme akaita watu uwanjani.

"Nataka mtu wa kwenda Ulindwa kuleta mbegu," alisema. "Ghala langu la safari liko wazi. Atakayekwenda achague humo vitu sita, vyovyote avitakavyo."

Aliyejitokeza ni kijana mmoja, Ngosha, mpiga mkuki hodari wa ikulu. Akachagua mkuki, ngao, upanga, upinde, podo la mishale na kofia ya chuma. Alipotoka getini alimeremeta kama sufuria mpya. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma zikamsindikiza hadi mwisho wa mashamba.

Siku kumi zikapita. Ngosha hakurudi.

Siku ya kumi na moja Nyamizi aliinua kifuniko cha ghala lake la nyumbani, akaona sakafu. Akanawa mikono, akaenda ikulu.

"Wewe ni nani?" mfalme akamuuliza.

"Mfinyanzi, Mtukufu."

"Unajua kupigana?"

"Sijui."

"Sasa mlimani unakwenda kufanya nini?"

"Kuleta mbegu, Mtukufu. Ulisema mbegu. Hukusema vita."

Watu wakacheka. Mfalme hakucheka. Akaamuru apelekwe ghalani.

Mtunza ghala alikuwa mwanamke mnene aitwaye Kalunde, ambaye alitafuna karanga mchana kutwa na kuwajua watu kwa vitu walivyovichagua. Akafungua mlango, mwanga ukaingia, na Nyamizi akashika mwimo wa mlango.

Hakuwahi kuona vitu vingi hivyo mahali pamoja. Kulikuwa na panga zenye mipini ya pembe. Kulikuwa na ngao za ngozi ya kifaru, na joho la kijivu ambalo ilisemwa simba hamwoni aliyelivaa. Kulikuwa na hirizi za nyoka, hirizi za radi, na kichupa cha dawa ya kufunga majeraha kwa siku moja. Kulikuwa na vitu ambavyo hata Kalunde hakujua kazi yake, naye hakuona haya kusema hivyo.

"Sita tu," Kalunde alisema. "Mtu ana mbavu nyingi, lakini uti wa mgongo ni mmoja."

Nyamizi alizunguka bila kugusa kitu. Kila alipotazama kitu alimwona adui wake: akiona hirizi, anamwona nyoka, akiona ngao, anaona makucha. Mwishowe akajikuta mbele ya upanga mmoja mrefu, unaong'aa. Akauchukua, akaufunga kiunoni. Pale ukutani palikuwa na sahani ya shaba iliyosuguliwa. Akajitazama. Akajipenda.

"Umependeza," Kalunde alisema, akitema ganda. "Haya, nenda nao mpaka mlangoni na urudi. Mara arobaini."

"Arobaini?"

"Mlima ni mbali kuliko mlango."

Nyamizi akaenda na kurudi. Mara ya tano upanga ulimgonga kwenye goti. Mara ya tisa ulimkwaza. Mara ya kumi na mbili akaufungua, akaurudisha mahali pake, akakaa chini kwenye gunia akihema.

"Mama Kalunde," alisema, "naogopa."

"Vizuri. Wale saba walisema hawaogopi."

"Nikienda bila silaha, zimwi si litanila?"

"Sijui. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hilo la mlimani silijui, nalo halinijui, kwa hiyo mimi nimekaa hapa na karanga zangu." Kalunde akamsogelea. "Lakini nikuulize. Huo upanga, ungekutana na mtu anayeujua, ungekuwa wa nani?"

Nyamizi akafikiri. "Wake."

"Basi ungekuwa unambebea."

Nyamizi akacheka, na alipocheka hofu ikapungua kidogo, ikawa ya kukaa nayo. Akasimama tena. Safari hii hakutazama kuta zenye vitu vinavyong'aa. Alijiuliza maswali ya mtu anayetoka kwenda shamba la mbali: nitakunywa nini, nitakula nini, nikilowa je, nikitumbukia je?

Akachagua kibuyu cha maji. Akachagua jiwe la gumegume la kuwashia moto, mfuko wa unga, ngozi ya kujifunika na kisu kidogo. Cha sita alikivuta kutoka kwenye kona, nyuma ya mapipa, kikiwa kimejaa utando wa buibui. Ilikuwa ni kamba ya katani, nyembamba na ndefu.

"Hiyo haijaguswa tangu nilipopewa funguo za ghala hili," Kalunde alisema. "Ya nini?"

"Udongo mzuri hukaa chini, mama. Nimeingia mashimo mengi maishani. Kila nililotoka salama, kulikuwa na kamba."

Kalunde akafuta utando kwa kiganja chake, akamsaidia kuizungusha kamba mwilini, begani na kiunoni, duru baada ya duru.

Siku ya kutoka kwake hakukuwa na ngoma.

Siku ya pili njiani, mchana, alifika kwenye mto. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa katikati aliposikia jiwe likigeuka chini ya mguu, na kabla hajasema "mama yangu" alikuwa amezama na kuibuka, amezama na kuibuka. Alipojivuta ukingoni, mzigo wa begani haukuwepo. Unga, ngozi, gumegume, vyote vilikwenda na mto. Alibaki na kamba iliyokuwa mwilini, kisu kiunoni na kibuyu kilichokuwa kikielea kwenye kigwe chake kama kifaranga cha bata.

Akakaa kwenye mchanga akalia. Hakulia kwa ajili ya unga tu. Alikuwa amechagua kwa uangalifu, amevaa hofu yake kama watu wazima, na bado mto umemvua siku ya pili.

Akajiambia, narudi. Ghala liko wazi, nitachagua upya, na safari hii nitachagua vizuri zaidi.

Akasimama, akageukia nyumbani. Hatua ya nne mguu wake ukateleza tena, na akatazama chini kwa hasira kuona ni nini. Ulikuwa udongo. Wa kijivu, laini, mzito, usio na changarawe. Akauinamia, akauchota, akaufinya kati ya vidole. Mikono yake ilianza kuukanda kabla yeye hajaamua lolote.

Alikaa pale siku tatu. Alifinyanga chungu kidogo, kinene, cha kushikika kwa mkono mmoja. Alipekecha moto kwa vijiti mpaka viganja vikachubuka. Akakausha chungu kando ya moto, akakichoma kwenye shimo la nyasi kavu na samadi ya nyati. Alikula furu, matunda ya porini, na mizizi. Chungu kilitoka cheusi upande mmoja, na kibaya kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, lakini hakikupasuka. Akakitia majivu na makaa ya moto, akakishika, akaendelea kupanda. Sasa hakuhitaji gumegume. Moto alikuwa nao mkononi, akiulisha vijiti kama mtoto.

Chini ya genge la kwanza la Ilulu alimkuta Ngosha.

Alikuwa amekaa chini ya jiwe, amekonda, na vifaa vyake sita amevipanga mbele yake kwa mstari. Alipomwona alijaribu kusimama kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Niliteguka mguu, nikipanda. Kofia ilinifunika macho."

"Bado unauma?"

Ngosha akatazama pembeni. "Mguu ulipona siku ya nne. Aibu ndiyo haijapona. Nikipanda na vitu hivi, sifiki. Nikiviacha, ni vya mfalme. Nikirudi navyo, nitasema nini mbele ya wale walionipigia vigelegele?"

Nyamizi akaketi karibu naye, akampa furu zilizobaki. Akamwacha ale.

"Mimi nimepoteza vitatu vya mfalme mtoni," alisema baadaye. "Mfalme bado ni mfalme. Chagua vile unavyoweza kuinua bila kuguna, twende. Mimi nina kamba, lakini kamba ya mtu mmoja ni kigwe tu. Inataka wa kuishika upande wa pili."

Ngosha akatazama mstari wake muda mrefu. Kofia akaiacha. Upanga akauacha. Mkuki, ngao, upinde na podo akavibeba, na wakapanda.

Siku ya tatu asubuhi walifika mahali ambapo njia iliishia kwenye ukuta wa mwamba, na miguu yao ikakataa kwenda.

Chini ya ukuta palikuwa na silaha. Mikuki saba. Ngao saba. Panga, pinde, joho moja, hirizi zimeoza kwenye kamba zake. Ngosha alizitambua baadhi. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapa ndipo linapokula."

Nyamizi aliinama, akachunguza. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Mikuki haikutupwa, ilikuwa imeegemezwa. Ngao zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine.

"Mwanangu," alisema, "mtu anayeliwa hakunji joho lake."

Wakatafuta. Nyuma ya kichaka waliukuta ufa katika mwamba, mwembamba kiasi kwamba mtu hupita kwa ubavu tu, mikono mitupu. Ndani kulikuwa na giza, na mbali sana, nyuma ya kona, mwanga kidogo kama wa ukucha. Hapo wakaelewa. Waliotangulia waliacha vitu vyao kwa sababu mlango ule haukubali mzigo.

"Niende mimi," Ngosha alisema.

"Wewe hupiti, una mabega. Labda kwa shida. Mimi nipite, wewe ushike."

Akajifunga ncha ya kamba kiunoni, ncha ya pili akampa Ngosha, naye akaizungusha kwenye jiwe. Akatangulia kwa bega la kushoto, chungu cha makaa mkononi. Ndani akapuliza makaa, akayatia nyasi, moto ukawaka kidogo. Mtu akiwa gizani huukimbilia mwanga, na mwanga ulikuwa kule mbele, ukimwita. Lakini Nyamizi alikuwa na moto wake mwenyewe, kwa hiyo alitazama chini.

Sakafu ilikuwa inateremka, imejaa changarawe laini kama mtama uliokobolewa. Kwenye changarawe aliona mifereji mirefu ya visigino. Watu walikimbilia mwanga, wakateleza, wakaenda nao.

Akalala kifudifudi, akajisogeza polepole, Ngosha akimlegezea kamba shubiri kwa shubiri. Kichwa chake kikatokea kwenye mwanga.

Chini, mbali, urefu wa minazi mitatu, palikuwa na bonde zima la Ulindwa, jekundu kwa mtama ulioiva. Na pale chini ya genge palikuwa na watu. Hamsini, au zaidi. Walikuwa wamesimama kwa safu, wengine na pembe za nyati midomoni, wengine wameweka viganja kando ya vinywa. Mzee mmoja aliinua mkono. Upepo ukamgonga Nyamizi usoni. Mzee akashusha mkono, na wote wakaita kwa pamoja.

"Tupo hai! Fungeni kamba!"

Sauti ikapanda, ikampita Nyamizi, ikaingia kwenye ufa, ikagonga kuta, ikavimba. Na kule nje, upande wa Nkumbela, Ngosha akapiga kelele kwa woga:

"Mama, rudi! Linanguruma!"

Miaka tisa Nyamizi alikuwa akiisikia sauti ile akiwa anakanda udongo. Mara ngapi alikuwa ameziba masikio?

"Ngosha mwanangu," alisema hatimaye, "si zimwi. Ni watu. Ni watu wetu."

Akapunga mkono. Kule chini likatoka yowe ambalo hata mlima haukuweza kuligeuza likawa kitu kingine.

Wakati huo huo, kutoka nyuma, mbali, zikasikika ngoma za ikulu ya Nkumbela.

Mwanamume mmoja mrefu akasogea chini kabisa ya genge. Alikuwa mmoja wa wale mashujaa saba, sasa ana ndevu na jembe begani. Akapaza sauti:

"Kamba tunayo! Tumeisuka miaka tisa, inatosha kuvuta ng'ombe! Tulichokosa ni mtu huko juu wa kuifunga! Shusha chochote, hata uzi!"

Nyamizi akajifungua kamba yake, akaishusha. Haikufika. Ilining'inia urefu wa watu watano juu ya vichwa vyao.

"Ngosha! Kamba imepungua! Kata chochote kirefu!"

Kule nje Ngosha aliitazama ngao yake. Ilikuwa ngao ya ikulu, na alikuwa ameisugua kila siku tangu alipopewa. Akaokota upanga mmoja kati ya zile za mashujaa, akakata kanda zake za ngozi. Akakata kigwe cha upinde. Akakata kanda za podo, kisha za ngao zote saba zilizopangwa pale, na mikanda ya panga, akaziunga kwa mafundo ya askari, ambayo hayafunguki. Akaziingiza kwenye ufa. Nyamizi akaunga, akashusha tena.

Mikono ya chini ikaipokea, ikaifungia ile kamba ya miaka tisa.

Kamba iliyopanda ilikuwa nene kama mkono wa mtoto. Ngosha alijipenyeza kwenye ufa akichubuka mabega yote mawili, wakaivuta pamoja, wakaizungusha kwenye nguzo ya mwamba, na mikuki minane wakaibana kwenye nyufa iwe vigingi. Haikusogea.

Wa kwanza kupanda alikuwa yule shujaa mwenye ndevu, na mgongoni alikuwa na mfuko wa mtama mwekundu. Ngosha aliondoka na mfuko huo saa ile ile kuelekea ikulu, akikimbia kwa mguu wake uliopona. Waliobaki walipanda mmoja mmoja, wakilia, wakicheka, wakiuliza habari za watu. Wale mashujaa walikuwa hai wote saba, maana changarawe iliporomoka nao hadi chini, ikawapokea kwenye lundo lake. Wanne walikuwa wameoa.

Siku ya tano mfalme Lukanda alifika mlimani kwa miguu yake mwenyewe, vumbi hadi magotini. Akaketishwa karibu na mzee yule aliyekuwa akiongoza mwito. Jina lake Mzee Sitta. Sauti ilikuwa imemwishia. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Baba," mfalme alisema, "miaka tisa. Mliwezaje kuendelea kuita bila kuchoka?"

Mzee Sitta akamtazama kwa mshangao.

"Tungechokaje, Mtukufu? Kila tulipoita, mlitujibu kwa ngoma. Tulikuwa tukiwaambia watoto: mnasikia? Wanasema wanakuja."

Yule shujaa mwenye ndevu akatazama chini, maana yeye na wenzake hawakuwahi kuthubutu kumwambia ngoma zile zilikuwa za nini. Mfalme alifunika uso wake kwa viganja. Alipoviondoa, aliuliza kamba inashikwaje.

Alasiri ya siku hiyo, Kabula alipanda. Alikuwa ametoka kijiji cha mbali cha Ulindwa, safari ya siku tatu. Nyamizi alimtambua kwa namna alivyokuwa akinung'unika njia nzima ya kamba. Walikumbatiana mpaka wakashindwa kusimama. Kabula akamshika dada yake uso, akauchunguza, akatazama nyuma yake kwenye ule umati wa watu wa Nkumbela waliokuja kupokea ndugu zao.

"Mama yuko wapi? Hakuweza kupanda?"

Nyamizi akashika mikono ya mdogo wake.

"Mwaka gani?" Kabula akauliza.

"Wa tatu. Alikutaja mpaka mwisho."

Kabula akakaa juu ya jiwe akalia msiba wa miaka sita iliyopita kana kwamba ni wa asubuhi ile. Waliokuwa wakivuta kamba wakasimama. Mfalme mwenyewe akasimama, kamba mikononi.

Baada ya muda Kabula akajifuta macho kwa upande wa kiganja. Akainuka, akajifunga nguo yake vizuri kiunoni, akaenda akasimama kati ya dada yake na mfalme, akaishika kamba.

"Tuvute," alisema. "Bado kuna watu chini."

Funzo: Anayefunga mzigo akiongozwa na hofu hubeba silaha, na anayefunga mzigo akiwafikiria atakaowakuta hubeba kamba, kwa hiyo kabla hujachagua cha kuanzia safari yako, isikilize vizuri ile sauti inayokutisha, huenda ni ya mtu anayekuita umsaidie.